Njia ya Familia Moja

Mamangu na dada yake walizaliwa katika nyumba moja ya makuti, wakaolewa mwendo wa robo saa kutoka kwa mmoja hadi kwa mwenzake. Mamangu aliolewa barabarani. Ndivyo watu wa kwetu walivyosema: kuolewa barabarani. Maana yake ni kwamba mumewe alikuwa na kiwanja kwenye senta yetu ndogo, kati ya Kilifi na Malindi, pale mabasi na malori yaliposimama, na huyo, babangu, alikuwa na cherehani yake kwenye baraza ya duka mpaka alipofariki nikiwa msichana mdogo. Dada yake, ambaye mimi namwita mamkubwa, aliolewa ndani, kwenye minazi na mikorosho. Mamangu alisilimu alipoolewa. Mamkubwa alibaki na kanisa lake. Sikuwahi kusikia jambo hilo likiwaletea neno. Walikuwa na njia yao, na njia hiyo waliipita karibu kila siku ya Mungu.

Ilianzia nyuma ya msikiti, ikapita kando ya shamba la mihogo, ikashuka kwenye bonde dogo lililotuama maji wakati wa mvua, kisha ikapanda katikati ya mikorosho hadi uani kwa mamkubwa. Upana wake ulikuwa wa mtu mmoja mwenye mzigo kichwani. Mkikutana wawili, mmoja alisogea kwenye majani na kumsalimu mwenzake huku amesimama kwa mguu mmoja.

Mamangu aliuza mahamri na mbaazi za nazi kwenye kibanda kando ya barabara. Aliamka kabla ya adhana, na kufikia saa nne asubuhi sufuria lilikuwa tupu. Hapo alikuwa ameshaweka kando bakuli moja, akalifunika kwa sahani, akalifunga kwa kitambaa, akashika njia. Nilipokuwa mdogo nilifuatana naye. Nakumbuka kwamba hawakuzungumza sana. Mamkubwa alikuwa akisuka makuti ya kuuza. Mamangu alivuta kigoda, akachukua sehemu ya majani, na wote wawili wakasuka kimya mpaka jua likawafikia miguuni. Kisha mamangu alisema, "Haya, naenda," na mamkubwa akasema, "Haya." Ziara ilikuwa imekwisha.

Miaka ilivyokwenda, macho ya mamkubwa yalishikwa na utando. Kufikia wakati wa mambo haya alikuwa mjane anayeishi peke yake, akiona mwanga na kivuli, basi. Lakini kwenye njia ile hakuhitaji kushikwa mkono. Aliijua kwa unyayo: hapa mchanga, hapa mzizi, hapa udongo umeanza kuwa mgumu, maana yake bonde limekwisha. Siku ambazo mamangu hakuenda, yeye alikuja, na sisi tuliona tu ameshafika uani anauliza kama chai ipo.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi ya kibinafsi mjini Malindi, na nilipanga nyumba mtaa wa Muyeye. Shule ilipofungwa nikakaa bila kazi muda mrefu. Ndipo nikasikia kwamba watu wanaopanga barabara mpya wanamtafuta mtu anayejua kusoma na kuandika Kiingereza, na ambaye Kigiriama ni lugha ya kwao, awasaidie kuzungumza na wananchi. Nilikwenda nikachukuliwa siku hiyo hiyo. Nikapewa koti la manjano linalong'aa na ubao wa kubania karatasi. Mamangu aliponiona na lile koti alinigeuza nyuma na mbele kama anayenunua ng'ombe, akacheka, akasema sasa magari yatasimama kwa amri yangu.

Mkutano wa kwanza na wananchi wa senta yetu ulifanyika kwenye uwanja wa shule. Mhandisi aliyepanga njia alikuwa mtu wa bara, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni. Alibandika michoro miwili kwenye ubao uliotolewa darasani. Alizungumza Kiswahili, nami nikawageuzia wazee kwa Kigiriama.

"Mstari mwekundu," alisema, "unaipanua barabara iliyopo. Ili iwe pana inavyotakiwa, itabidi nyumba na maduka ya pande zote mbili yavunjwe. Mstari wa buluu unaiacha senta kama ilivyo. Barabara mpya itapita nyuma, kwenye mashamba, halafu itaungana tena na ya zamani huko mbele."

Kabla sijamaliza kutafsiri, mwenye duka la saruji na mabati, duka kubwa kuliko yote pale kwetu, alikuwa amesimama. "Buluu!" alisema. "Hilo nalo ni la kuuliza?" Watu wakapiga makofi.

Mamangu akainua mkono. "Na magari yatapita wapi?"

"Kwenye barabara mpya, mama," mhandisi akajibu.

"Yote?"

"Mengi yao."

"Sasa mahamri nitamuuzia nani?"

Watu wakaangua kicheko. Mhandisi naye akatabasamu, akasema mahamri mazuri hufuatwa popote yalipo. Nikawatafsiria wazee na hilo, wakacheka kwa mara ya pili, na mamangu mwenyewe akacheka, akakaa chini. Ulipofika wakati wa kuinua mikono aliuinua wake kwa buluu. Angefanya nini? Mstari mwekundu ulipita juu ya kitanda chake.

Jioni ile nilirudi Muyeye nikiwa na furaha. Niliona nimeshiriki kuiokoa senta yetu. Niliwaza msikiti umepona, shule imepona, mkwaju wa stejini, pale yaliposimama mabasi, umepona, na kibanda cha mamangu na nyumba yake.

Baada ya hapo ikaja kazi ya kwenda nyumba kwa nyumba kwa wale ambao barabara ya buluu ingepita karibu nao. Karatasi zilikuwa za Kiingereza, kurasa nyingi: watu wangapi wanaishi hapa, maji mnayatoa wapi, kuna makaburi, kuna miti ya matunda, kuna njia za miguu zinazotumiwa na jamii. Mimi niliuliza na kujaza. Mhandisi alisimama kando akiangalia ramani yake.

Kwa mamkubwa tulifika mchana, jua la utosi. Nilikuwa nimeamka na homa kidogo na tulikuwa bado na nyumba nyingine nyingi za kumaliza. Alitusikia kabla hatujabisha.

"Shikamoo, mamkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na nani, viatu vizito hivyo?"

Mhandisi akamwamkia kwa adabu. Tukapewa madafu. Nikaanza kuuliza, na mamkubwa akajibu huku mikono yake ikiendelea kusuka. Tulipofika kwenye swali la njia, nilitazama ile njia ikishuka bondeni, nikauliza, "Mamkubwa, njia hii hutumiwa na nani?"

"Hii?" alisema. "Hii ni yangu na mamako."

Alisema kwa fahari, kama mtu anayeulizwa kuhusu mtoto wake. Nami nilijua kwamba haikuwa hivyo. Niliwajua wasichana wa nyuma huko waliopita pale na madumu kwenda kwenye bomba la senta. Niliwajua wanawake waliopeleka makuti kusubiri malori, wanafunzi, wagonjwa waliokuja kupanda gari kwenda hospitali Kilifi. Ningeweza kumuuliza tena. Ningeweza kuandika niliyoyajua. Lakini jibu lilikuwa limetolewa, nafasi kwenye karatasi ilikuwa ndogo, na kichwa kilikuwa kinanigonga. Nikaandika kwa Kiingereza: njia ya familia moja. Nikamshika mamkubwa kidole gumba, nikakipaka wino, nikakikandamiza chini ya ukurasa. Mhandisi akaangalia, akatikisa kichwa kukubali, akafunua karatasi nyingine.

Kazi yangu ikaisha na zile karatasi. Vigingi vikaja, na baada ya muda mrefu, tulipokuwa tumeanza kusahau, mashine zikaja. Mikorosho mingi ya mamkubwa ilikatwa. Alilipwa, na nyumba yake haikuguswa. Siku za mwanzo wenye mashine walikuwa watu wema. Walipomwona mamangu na bakuli lake walisimamisha kazi mpaka apite, na yeye akawazoesha mahamri. Lakini udongo ulizidi kupanda. Pale bondeni walijenga tuta refu kuliko nyumba, ili barabara isifuate mteremko, na chini ya tuta wakaweka kalivati, bomba la zege la kupitishia maji ya mvua. Nilipokwenda kumtazama mamangu mwezi mmoja, nikakuta njia inafika kwenye ukuta wa udongo na kukoma.

Nilimtafuta mhandisi kwenye kambi yao upande wa Kilifi. Alinikumbuka vizuri, akanivutia kiti.

"Vivuko vimepangwa kufuata matumizi ya watu," alinieleza. "Kuna kimoja cha kupita chini, huko mwisho wa mashamba ya shule. Kuna kingine mbele, njia ya zahanati. Hapa katikati..." Akainuka, akatoa jalada, akapekua kwa subira, kisha akaligeuza upande wangu na kuweka kidole. "Hapa tumeandikiwa njia ya familia moja. Huu si mwandiko wako, mwalimu?"

Ulikuwa wangu. Hata ile herufi ya kwanza yenye mkia, niliyoifundisha watoto miaka yote ile.

"Watu wengi wanapita pale," nilisema.

"Nakuamini. Lakini michoro imeshapitishwa. Andikeni barua, nitaiambatanisha."

Tuliandika barua. Nilizunguka nayo siku mbili, na kila niliyemfikia akasema bila shaka, njia ile ni ya watu wote, akatia sahihi au kidole. Barua ikapokelewa ofisini, ikapigwa muhuri. Mamangu alinisifu kwa kuhangaika. Sikumwambia nilichokiona kwenye jalada. Niliahirisha kwa wiki, nikaahirisha tena, na sikumwambia mpaka anakufa.

Barabara ilifunguliwa siku ya Jumatatu. Mamangu aliniambia kwamba asubuhi ile alikaanga kama kawaida, akapanga meza, akakaa. Ilipofika saa mbili akadhani kuna ajali mahali. Ilipofika saa tatu akaelewa. Waliosimama walikuwa bodaboda wawili na mwalimu mmoja. Juma zima aliendelea kukaanga kiasi kile kile, kwa sababu mikono ilikuwa imezoea kupima unga namna ile, na juma zima majirani walikula mahamri ya bure. Ukimya ulimsumbua zaidi. Alikuwa ameishi maisha yake yote ya utu uzima na honi na makondakta, na sasa aliweza kusikia kuku wa nyumba ya tatu wakiparura.

Mwenye duka la saruji alikuwa wa kwanza kuhama. Alifuata magari, akaenda kujenga pale barabara mbili zinapoungana. Kisha akafuata wa dawa, kisha wa vipuri vya pikipiki. Maduka waliyoyaacha yalisimama vile vile, milango imefungwa kwa kufuli, rangi nzuri bado. Hakuna hata moja lililovunjwa. Majani yakaota kwenye nyufa za lami ya zamani, na mbuzi wakawa wanalala katikati ya barabara bila wa kuwafukuza.

Mamangu hakuacha kwenda kwa dada yake. Mwanzoni alipanda tuta kwa mikono, akaruka vyuma vya ukingoni, akasubiri, akakimbia na bakuli. Jirani aliniambia kwa simu kwamba trela ilimkosa kwa hatua moja na bakuli lilivunjika barabarani. Nilisafiri siku hiyo hiyo.

"Ukivuka pale tena," nilimwambia, "mimi hapa kwako sitakanyaga."

"Ni hapo tu," alisema. "Unapaona kutoka hapa."

"Zunguka kwenye kivuko."

"Kwenye kivuko ni saa nzima, mwanangu. Kwenda tu, bado kurudi."

"Basi zunguka."

Hakuwa mtu wa kubishana na watoto wake. Akazunguka. Mwanzoni kila siku mbili, kisha kila Jumapili mchana mamkubwa akitoka kanisani, kisha magoti yakaanza, shinikizo la damu likapanda, na ikawa mara moja kwa mwezi, kwa bodaboda, dereva akimsubiri nje na pikipiki ikinguruma.

Nilimnunulia mamkubwa simu ya vitufe vikubwa, nikamfundisha ya kubonyeza. Walipigiana. Nilikuwepo siku moja mamangu akizungumza. Waliulizana hali, wakaulizana mvua, wakaulizana magoti, na maneno yakawaishia. Mamangu akabaki ameshika simu sikioni, hana la kusema. Kule ng'ambo mamkubwa naye kimya. Baada ya muda simu ikakatika. "Hizi simu," mamangu akasema, akaiweka juu ya kabati. Miaka yote wale wawili walikaa pamoja bila kusema, na simu haikuwapa nafasi ya kukaa hivyo.

Mamangu alifariki asubuhi, ameinama kuwasha jiko. Nilikuwa Muyeye, nilifika baada ya saa moja na nusu, nikakuta wanawake wameshamlaza na kumfunika. Msiba wa Kiislamu hauchelewi. Ilikubaliwa kwamba maziko yatakuwa baada ya sala ya adhuhuri.

Nikampigia mamkubwa. Simu yake ilikuwa imezimwa. Aghalabu ilizimwa, alisahau kuipeleka kuchajiwa. Nikamtuma mwenye bodaboda amfuate kwa kupitia kivuko na amlete polepole. Nikaingia ndani kusaidia kumwosha mamangu. Nilipotoka, mwenye bodaboda alikuwa amerudi peke yake. Alisema nyumba ya mamkubwa iko wazi, jiko lina moto, na yeye hayupo. Ameita mpaka kwa majirani. Wamesema habari za msiba amezisikia, lakini hawakujua amekwenda wapi.

Nilimwomba imamu tusubiri. Alisubiri. Watu walikaa juani wakiangalia upande wa shule, upande wa kivuko, kwani huko ndiko angetokea. Muda ukapita. Imamu akatuma mtu kuniuliza kwa upole tufanye nini. Nikawaza kwamba labda amepelekwa kanisani, labda ameishiwa nguvu akaingia nyumba ya mtu, labda hataki kumwona mdogo wake katika hali ile. Nikasema, "Mchukueni."

Walimchukua. Sisi wanawake tukabaki uani. Sauti za wanaume zilikuwa zimeshapotelea makaburini nilipomwona mamkubwa akitokea nyuma ya msikiti, mahali ambapo hakuna mtu aliyekuwa akitazama.

Alikuwa amelowa mpaka kifuani. Kanga yake moja haikuwepo. Magoti yalikuwa yamechubuka na damu imechanganyika na tope, na mikono yake, mikono ile ya kusuka, ilikuwa na mikwaruzo mpaka kwenye viwiko, na vidole vimevimba. Alisimama katikati ya ua akigeuza kichwa, akisikiliza.

"Ameshatoka?" aliuliza.

Nikaenda nikamshika. "Ameshatoka, mamkubwa. Sasa hivi tu."

Alikaa chini pale pale aliposimama. Tulimpa maji, tukamfunika. Baadaye ndipo alipotueleza. Mtoto wa jirani alimpa habari, na hakungoja mtu. Alishika njia, akaenda nayo mpaka miguu ikagonga tuta. Akaanza kupapasa ukuta ule wa udongo kwa mikono, hatua kwa hatua, mpaka akafika kwenye kalivati. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili nyuma. Ndani maji yalikuwa ya magoti, na takataka zimeziba katikati. Akainama, akaingia. Sehemu nyingine alitambaa.

"Nilisikia magari," alisema. "Yanapita juu ya kichwa changu. Nikasema, basi nimefika nusu."

Upande wa pili njia ilikuwa imeota majani. Aliipoteza mara mbili kwenye shamba la mihogo, akasimama mpaka alipoitambua tena kwa mguu. Huko ndiko alikokuwa wakati sisi tunaangalia kivuko.

Jioni wanaume waliporudi na watu wakapungua, nilimchukua ndani nimpake dawa magotini. Hapo nikamwambia. Nilimweleza siku ile tulipokuja na viatu vizito, swali lililoulizwa, alivyojibu, na nilivyoandika huku nikijua. Nilimweleza jalada nililoonyeshwa kambini. Niliyasema yote nikiwa nimeinama kwenye magoti yake, sikuinua uso.

Kisha akauliza, "Na ungeandika ni ya watu wote, wangetuachia pa kupita?"

"Sijui, mamkubwa."

"Mamako alijua?"

"Hapana."

"Hmm," alisema. Kisha akaongeza, "Mimi ndiye niliyesema ni yetu." Na hilo ndilo lililoniuma kuliko kama angenigombeza, kwa sababu niliona kwamba kuanzia saa ile atalibeba yeye pia.

Jibu la ile barua lilinifikia wiki kadhaa baadaye. Lilisema ombi la wananchi limepokelewa na litazingatiwa katika awamu itakayofuata ya kazi. Mhandisi mwenyewe alikuwa ameshahamishiwa barabara nyingine, upande wa Magarini. Nilimpigia simu. Nilipomwambia kuhusu mamangu na mamkubwa akasema pole, akasema tena pole, na nadhani alisema kwa moyo. Aliniuliza kama ningependa kwenda kufanya nao kazi ile ile huko. Nilimjibu kwamba nitafikiri. Sikumpigia tena.

Siku ya arubaini ya mamangu nilikwenda kumchukua mamkubwa. Nilikuwa na bodaboda mlangoni, lakini alikataa kupanda. Alitaka kutembea. Tukatoka asubuhi, tukalifuata tuta mpaka kivukoni, tukapita chini, ambako hewa ni ya baridi na watoto wameandika majina yao ukutani, tukageuka kuirudia senta kwa upande wa pili. Njia nzima alikuwa akiniuliza tuko wapi. Sikuwahi kumsikia akiuliza hivyo. Alinishika mkono wa nguo kwa nguvu kama mgeni mjini, na kila tulipopita penye kokoto alisimama.

Kaburini nilimwonyesha mahali kwa kuuweka mkono wake juu ya udongo. Alikaa. Alizungumza na mdogo wake kidogo, kwa Kigiriama: korosho za mwaka huu hazikushika, paa la jikoni linavuja, amesikia fulani amemwoza binti yake. Baada ya hapo akanyamaza, nami nikaondoka nikamwacha, nikaenda kukaa kwenye kivuli cha ukuta wa msikiti. Kutoka pale niliweza kuliona tuta, na magari yakimulika jua yakipita juu yake kuelekea Malindi. Hakuna hata moja lililopunguza mwendo.

Kurudi kulitushinda. Tulipofika kivukoni miguu yake ilitetemeka, akakaa kwenye zege. Bodaboda hakukuwa na hata moja saa ile. Nilimngojea apumzike, tukaenda kidogo, akakaa tena. Mwisho niliinama akanipanda mgongoni. Alikuwa mwepesi, nilishangaa alivyo mwepesi.

"Mwanangu," aliniambia sikioni, tukiwa tumebakisha shamba moja, "mimi huko sitakuja tena."

Nilisema nitamletea gari siku nyingine. Alisema hapana, si habari ya gari. Akija na kupotea kila hatua, alisema, anamfikia mdogo wake akiwa amechoka na amekasirika, na hataki kukaa naye hivyo. Nikambeba mpaka uani kwake, nikamtua kwenye kigoda.

Nyumba ya mamangu nimeifunga. Kibanda nimempa jirani akafugie kuku. Kwa mamkubwa naenda kila Jumamosi kutoka Muyeye. Gari hunishusha barabara zinapoungana, na bodaboda hunipeleka kwa njia ya kivuko. Hasuki tena makuti. Vidole havikupona vizuri. Mvua za mwaka huu zilimega kingo za bonde, na mikorosho miwili iliyokuwa imebaki upande wake ikaanguka. Juzi aliniomba nimtafutie mtu wa kuikata kuni. Nikamtafutia. Tulikaa pamoja kwenye kivuli cha jikoni tukilisikiliza shoka mpaka kazi ilipokwisha.